Bao lile lilikuwa la nani? Jibu kwa mzazi wa kipa wa hoki ya barafu

Swali: Ujanani nilidaka soka Bukoba. Sasa naishi Edmonton, Kanada, na mwanangu wa miaka 15 ni kipa wa hoki ya barafu. Anadaka vizuri, lakini akifungwa anawainulia mabeki mikono mbele ya watu, kwenye gari anawalaumu njia nzima, na mechi ya Jumamosi anaibeba hadi Jumatano. Kocha wake anasema kijana ajifunze kufikiri kama kipa wa kulipwa. Kipa wa kulipwa anawafikiriaje wenzake, wapinzani wake na mechi zilizokwisha? Na mimi mzazi nimwambie nini?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na vipimo, maana jicho lililozoea soka linaweza kukudanganya ukiwa umekaa jukwaani. Goli ulilolinda wewe lilikuwa na upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. La mwanao ni mita 1.83 kwa 1.22, yaani eneo lake ni moja ya nane ya lile lako. Paki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombania, ina upana wa sentimita 7.62, unene wa 2.54 na uzito wa gramu 156 hadi 170, na kabla ya mechi hugandishwa ili isidundedunde. Kipa aliyevaa ngao zake anaziba sehemu kubwa ya goli kwa kusimama tu. Ndiyo maana hapigiwi mashuti manne au matano kwa mechi. Hupigiwa 25, 30, hata 35. Katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, kipa wa kawaida siku hizi anazuia takribani mashuti 9 katika kila 10. Mashuti 30 na mabao 3 ni jioni ya kawaida kabisa. Kwako wewe mabao 3 yalikuwa kichapo, na usoni pako mwanao huenda anakisoma kichapo hicho kila anapotoka uwanjani.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Makipa wa kulipwa hawaanzi na nani kakosea. Wanaanza na swali jingine: lile shuti tulikubaliana liwe la nani? Kwa jinsi unavyoeleza, mwanao hajawahi kukaa na mabeki wake wakagawana kazi. Kila bao kwake ni deni lisilo na mwenyewe, na deni la namna hiyo hutupiwa aliye karibu.

Kwa nini kugawana kazi kuna uzito kiasi hicho? Piga hesabu. Shuti la kilomita 90 kwa saa, ambalo kijana mwenye nguvu wa umri huo analimudu, likipigwa kutoka mita 9 linafika golini kwa sekunde 0.36. Jicho na ubongo vinakula kama sekunde 0.2 kabla msuli haujaanza kujibu. Zinabaki sekunde 0.16 za kusogeza glovu. Kwa watu wazima hali ni ngumu zaidi: mwaka 2012, katika mashindano ya ustadi ya nyota wa NHL, beki Zdeno Chara alipiga shuti lililopimwa kilomita 175.1 kwa saa. Shuti la namna hiyo halidakwi kwa wepesi wa mkono peke yake. Linadakwa kwa sababu kipa alishafika mahali pake, ametulia miguuni, na ameiona paki ikiondoka kwenye fimbo. Kufika, kutulia, kuona. Yote matatu yanategemea sana wanachofanya mabeki sekunde mbili kabla ya shuti, na hapo ndipo makubaliano yanapoingia.

La kwanza na rahisi ni wawili kwa mmoja: washambuliaji wawili wanakuja, beki amebaki peke yake. Mwenye paki ni wa kipa, pasi ni ya beki. Beki anakaa kati yao, fimbo ameilaza barafuni kwenye njia ya pasi, anarudi nyuma bila kumkimbilia mwenye paki. Kipa anamkabili mpigaji kana kwamba yule mwingine hayupo. Mpango huu huharibika kwa njia mbili. Beki anaingiwa na wasiwasi, dakika ya mwisho anamvamia mwenye paki, pasi inapita na mshambuliaji wa pili anabaki na goli tupu. Au kipa anainusa pasi kabla haijatoka, anaegemea upande wa pili, na mpigaji anapitisha paki kwenye nguzo ya karibu. Bao la nguzo ya karibu katika hali hii ni la kipa, asimtazame mtu. Bao la pasi beki analijua mwenyewe. Hahitaji kuinuliwa mikono.

La pili ni gumu, na naamini ndilo chanzo cha ugomvi mwingi wa mwanao: kuzibwa macho. Beki wa timu pinzani anapiga kutoka kwenye mstari wa buluu, mita 19.5 kutoka mstari wa goli. Hata kwa kilomita 150 kwa saa, kipa ana karibu nusu sekunde, muda wa kutosha akiiona paki. Haioni, kwa kuwa mshambuliaji amesimama mbele yake, na beki wake mwenyewe, kwa nia njema, amesimama karibu na huyo mshambuliaji na kuongeza pazia la pili. Kipa anaona migongo na suruali tu.

Hapa beki ana chaguo mbili tu zinazomsaidia kipa. Ama azuie shuti kabisa, kwa kusogea karibu na mpigaji, goti moja chini, fimbo na mwili kwenye mstari mmoja, ama aondoke njiani, amsukume mshambuliaji pembeni ili kipa apate dirisha. Chaguo la tatu, la kunyoosha mguu mmoja au kutanguliza fimbo nusunusu, ndilo linaloua. Paki inagusa ncha ya fimbo, inabadili njia kwa sentimita 20, na kipa aliyekuwa amekaa sawa anaonekana mzembe. Mwanao akubaliane na mabeki wake kwa maneno machache: zuia zima au niachie zima. Wengi hukubaliana pia juu ya mahali: shuti la mbali likipita upande wa beki, beki anafunga nusu ya goli iliyo upande wake na kipa anachukua nusu nyingine.

Kipa naye ana wajibu wake katika kuzibwa. Asikae katikati akishangaa. Achague upande mmoja wa kuchungulia, na upande bora kwa kawaida ni ule ilipo fimbo ya mpigaji, kwa sababu huko ndiko paki itakakotokea. Akiwa mrefu achungulie juu ya bega, akiwa mfupi ashuke chini ya kiwiko. Akipoteza paki kabisa, asogee hatua moja kuelekea pale alipoiona mara ya mwisho, apige magoti ngao zikiziba chini, mikono mbele. Shuti la mbali linalopita kwenye msitu wa miguu mara nyingi hupita chini. Kinachomponza kijana ni kubaki wima akitafuta, paki ikapita kati ya miguu, halafu akainua mikono. Kwa bao kama hilo beki alimziba, ni kweli, lakini kipa naye hakufanya sehemu yake.

La tatu ni paki iliyotemwa, na wewe kwa uzoefu wako unalijua bila mwalimu. Ahadi ya kipa ni kutotema katikati. Shuti la chini upande wa kulia liongozwe na bapa la fimbo, lililoinamishwa kidogo, kwenda kona ya kulia. La kifuani likumbatiwe. La kwenye ngao ya mguu ni gumu kuongoza, ngao hizi hurusha mbali, na ndiyo sababu mpigaji mjanja hulenga ngao ya mbali kwa makusudi ili mwenzake aimalizie. Ahadi ya beki ni kuishughulikia kwanza fimbo ya mshambuliaji aliye karibu, paki baadaye. Mabeki vijana hufanya kinyume: macho yote kwenye paki, wanageuka kuitafuta, na nyuma yao mtu anaisukuma wavuni bila kuguswa. Utaratibu ambao mabeki wazuri huwekewa na makipa wao ni wazi: la kwanza langu, la pili letu, la tatu lenu. Likiingia shuti la tatu baada ya kipa kuzuia mawili akiwa amelala, hakuna kipa wa kulipwa atakayeomba msamaha, na hakuna beki wa kulipwa atakayengoja kuombwa.

Kisha kuna kuongea. Kipa ndiye mtu pekee anayeiona barafu yote ikiwa mbele yake. Beki anayekwenda kuchukua paki nyuma ya goli, kwenye ile nafasi ya mita 3.35 kati ya mstari wa goli na ukuta, anawapa washambuliaji mgongo kwa sekunde mbili tatu, na anayemfuata anakuja kumbandika ukutani. Sauti ya kipa ndiyo jicho lake la nyuma. Zinahitajika sauti nne au tano tu, neno moja moja: una muda, una mtu mgongoni, zunguka goli, rudisha ulikotoka, nipe mimi. Timu ya mwanao itakuwa na maneno yake ya Kiingereza kwa haya. Wayachague pamoja, wayatumie mazoezini, na yasibadilike. Ayatamke mapema, beki akiwa bado hajaigusa paki. Neno lililochelewa ni baya kuliko ukimya, kwa sababu beki ameshaamua na sasa anasita.

Akitoka mwenyewe kuisimamisha paki nyuma ya goli, aiache imetulia, sentimita 10 hadi 15 mbali na ukuta, ili beki aichukue kwa upande wa mbele wa fimbo bila kuigongesha ubaoni. Hizi zinaonekana kama adabu ndogo, lakini ndizo zinazomfanya beki ampende kipa. Martin Brodeur wa New Jersey Devils, mwenye ushindi 691 na mechi 125 bila kuruhusu bao, rekodi zote mbili za NHL, alijulikana kwa kazi hii kiasi cha kuwa kama beki wa tatu. Mabeki wake, akina Scott Stevens na Scott Niedermayer, waliepushwa na mbio nyingi za kurudi nyuma na migongano mingi ukutani. Mwaka 2005 ligi ilichora mistari nyuma ya goli kupunguza eneo ambalo kipa anaruhusiwa kuchezea paki, na watu wengi hadi leo huiita sheria hiyo kwa jina lake.

Ukitaka kumwonyesha mwanao jinsi ulinzi unavyoweza kumbeba kipa, mtafutie mechi ya tarehe 22 Februari 2020 mjini Toronto. Makipa wote wawili wa Carolina Hurricanes waliumia. Kwa kanuni za ligi, akaingia kipa wa dharura wa uwanja, David Ayres, umri miaka 42, mtu aliyekuwa na kazi ya kuhudumia barafu. Mashuti mawili ya kwanza yote yaliingia. Tazama kinachofuata: hakuna beki anayetikisa kichwa. Wanasogea karibu naye, wanazuia njia za pasi, wanaitoa paki nje ya eneo lao kwa njia nyepesi, na kipindi cha tatu Toronto wanahangaika kupata nafasi. Ayres alizuia mashuti yote 8 yaliyobaki na Carolina ikashinda 6–3. Mtu yule hakuongezeka uwezo katika dakika 20. Kazi aliyoachiwa ndiyo iliyopungua.

Sasa, ile mikono. Mueleze madhara yake kiufundi, si kwa kumhubiria. Beki aliyeinuliwa mikono mbele ya watu hubadilika kwa njia mbili zinazotabirika. Mmoja anaanza kukimbilia kila kitu ili asilaumiwe tena, na makubaliano ya wawili kwa mmoja yanavunjika. Mwingine anarudi nyuma mpaka ndani ya eneo la buluu la kipa, lile lililopakwa rangi mbele ya goli, akidhani anasaidia, na kumziba macho zaidi. Kwa vyovyote vile bao linalofuata limekaribishwa. Benchi la wapinzani nalo linaona. Wakimwona kipa ameacha kuwaamini mabeki wake, watapeleka watu mbele ya goli kila shambulio.

Neno la kumwambia beki baada ya bao lipo, na ni fupi: "Hiyo yangu," likiwa lake. Likiwa si lake: "Sikuiona," au "Mtu wa nguzo ya mbali." Ampe mwenzake habari anayoweza kuitumia katika zamu inayofuata, amwambie akiwa amemkaribia, kifuniko cha uso kikimkabili yeye, si jukwaa. Marefu yasubiri mapumziko. (Kanuni za NHL, kwa kukujuza tu, hazimruhusu kipa kuwa nahodha, hawezi kuacha goli lake kila mara kwenda kujadiliana na mwamuzi. Sauti yake kwa wenzake inatokana na matumizi, si na cheo.)

Usimsahau kipa wa pili. Katika timu nyingi wawili hawa hugombea nafasi moja, na mtoto mwenye hasira humwona mwenzake kama adui. Makipa wa kulipwa humwona kama jicho la ziada. Aliye benchi anaona vitu ambavyo aliye golini hawezi: unarudi nyuma sana, namba 17 anapiga bila kutazama, ukuta wa kona ile unarudisha paki kwa kasi. Msimu wa 2022–23 Linus Ullmark na Jeremy Swayman wa Boston Bruins waligawana mechi, wakawa wanakumbatiana baada ya kila ushindi, wakashinda pamoja tuzo ya timu iliyofungwa mabao machache zaidi, na Ullmark akapata ya kipa bora wa ligi. Mwambie mwanao amuulize mwenzake swali moja kila mapumziko. Moja tu.

Kuhusu wapinzani nitakuwa na maneno machache zaidi. Mpe daftari dogo. Katika mji mmoja timu ni zilezile, utakutana nazo mara tatu nne kwa msimu. Kwa kila mpigaji hatari aandike: anapiga kwa kulia au kushoto, anapenda kupigia wapi, anainua kichwa kabla ya shuti au la, anaivuta paki karibu na miguu kabla ya kuiachia, akibaki uso kwa uso na kipa, anamaliza kwa upande wa mbele wa fimbo au wa nyuma. Hilo la kuvuta paki lina maana kubwa. Kipa hasimami mbele ya mwili wa mpigaji, anasimama mbele ya paki, na paki inaweza kuwa zaidi ya mita moja kando ya mwili. Mpigaji akiivuta ndani kwa sentimita 40 pembe nzima imebadilika, na kipa aliyekuwa sawasawa ameacha tundu upande mmoja. Kipa asiyelijua hili atalalamika kwamba "alikuwa mahali pake". Alikuwa mahali pa nusu sekunde iliyopita.

Lakini daftari lina mipaka, na mfano mzuri ni mshambuliaji Alex Ovechkin wa Washington Capitals. Kwa miaka 20 kila kipa wa NHL alijua atasimama wapi timu yake ikiwa na mtu wa ziada, yaani mpinzani mmoja ametolewa kwa muda kwa kosa: duara la kushoto la washambuliaji, yaani mkono wa kulia wa kipa, kama mita 9 kutoka golini, akingoja pasi ya kupiga bila kutuliza. Tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao la 895, lililompita Wayne Gretzky, aliyekuwa akishikilia rekodi ya mabao ya ligi, dhidi ya Ilya Sorokin wa New York Islanders, kutoka duara hilohilo, timu yake ikiwa na mtu wa ziada. Kujua hakukutosha, na sababu ni ya kimwili. Pasi inayokatiza mbele ya goli kutoka upande mmoja kwenda wa pili inamlazimu kipa asukume mwili wake wote, ageuke, asimame, ndipo adake. Kipa wa zamani wa New York Rangers, Steve Valiquette, ndiye aliyeeneza wazo la kuchora mstari wa kufikirika katikati ya eneo la goli na kuhesabu pasi zinazouvuka, na makocha wengi sasa huutumia: shuti baada ya pasi ya namna hiyo ni hatari mara nyingi kuliko shuti la kawaida, hata mpigaji akiwa wa wastani. Kwa hiyo ukiona bao limeingia baada ya pasi kama hiyo, usimuulize mwanao kwa nini hakuokoa. Muulize alifika akiwa amesimama au akiwa bado anateleza. Bao alilofungwa akiwa amesimama ametulia, shuti likaenda pembeni mwa mtambaa panya, ni la kumpongeza mpigaji. Makipa wakubwa hufanya hivyo bila kinyongo.

Hatari nyingine ya daftari ni kubahatisha. Kijana akishaandika kwamba namba fulani hupenda kulia, atajitupa kulia kabla. Hapo mtafutie nusu fainali ya Olimpiki ya Nagano 1998, Jamhuri ya Cheki na Kanada, 1–1, ikaenda kwenye penalti. Kipa wa Cheki, Dominik Hasek, alikabiliwa na wapigaji watano, Theoren Fleury, Ray Bourque, Joe Nieuwendyk, Eric Lindros na Brendan Shanahan, na hakufungwa hata mara moja. Bao pekee lilikuwa la Robert Reichel upande wa Cheki. Watu humkumbuka Hasek kwa kujinyonganyonga kama hana mifupa, lakini tazama miguu: anamngoja mpigaji aamue kwanza. Kwa mwanao, uso kwa uso na mshambuliaji: aanze mita 2 au 3 mbele ya eneo lake la buluu, arudi nyuma kwa kasi ileile ya mshambuliaji, afike karibu na mdomo wa eneo hilo mpigaji anapofika umbali wa kupiga. Akirudi haraka mno anamwonyesha goli. Akichelewa anazungukwa. Glovu zibaki mbele ya mwili, na asipige magoti kabla mpinzani hajaonyesha nia.

Tumefika kwenye mechi yenyewe na kumbukumbu yake, jambo linalomtesa mwanao hadi Jumatano. Kati ya bao na kuanza upya kuna kama nusu dakika. Makipa wa kulipwa wameijaza nusu dakika hiyo kwa utaratibu ambao hauna nafasi ya mtu mwingine. Patrick Roy aliongea na nguzo za goli lake. Braden Holtby alikuwa akirusha maji kutoka kwenye chupa na kufuata tone moja kwa macho hadi lianguke, ili macho yarudi kufuata kitu kimoja. Utaratibu wa mwanao uwe hivi: anatoa paki wavuni au anamwachia mwamuzi, anageuka, anakunywa maji, anajiuliza swali moja tu (miguu yangu ilikuwa imetulia?), anajibu kwa ndiyo au hapana, anagusa nguzo ya kushoto, ya kulia, anashuka kwenye mkao wake. Kwisha. Swali la pili haliruhusiwi mpaka kipenga cha mwisho. Na mikono akiwa ameshika chupa haiwezi kuinuka.

Na kwa kuwa mnaishi Edmonton, mfundishe habari za Grant Fuhr, kijana wa Spruce Grove hapo jirani, kipa wa Oilers, timu ya NHL ya hapo Edmonton, katika miaka ya 1980 ya makombe yao, na mchezaji wa kwanza mweusi kuingizwa kwenye jumba la heshima la hoki, mwaka 2003. Timu yake ilishambulia kwa watu wote. Msimu wa 1983–84 ilifunga mabao 446, rekodi mpaka leo, na nyuma ilimwacha kipa wazi mara nyingi. Fuhr alikubali mkataba huo. Katika fainali ya Kombe la Kanada, Septemba 1987, Kanada na Umoja wa Kisovyeti zilicheza mechi tatu, zote zikaisha 6–5. Ya kwanza Kanada ilipoteza, mbili zilizofuata ikashinda, ya mwisho kwa bao la Mario Lemieux dakika za lala salama. Fuhr aliruhusu mabao 16 katika mechi tatu na akaondoka bingwa. Kipa anayehesabu mabao yaliyopita asingefika mechi ya tatu.

Upande wa pili wa jambo hili upo pia. Tarehe 2 Desemba 1995 Montreal ilifungwa 11–1 na Detroit nyumbani, na Patrick Roy aliachwa golini hadi bao la tisa. Alipotolewa, alikwenda moja kwa moja kwa rais wa klabu aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia hatacheza tena Montreal. Siku nne baadaye alikuwa mali ya Colorado, na msimu huohuo akachukua kombe. Nakutajia ili ujue kwamba kinyongo kinawakuta hata walio bora, na kwamba kinachokiwasha mara nyingi si mabao yenyewe, ni kuachwa peke yake nayo.

Ndiyo sababu nashauri karatasi. Siku ya pili baada ya mechi, si usiku uleule, mwanao achore uwanja nusu na kwa kila bao aandike: shuti lilitoka wapi, pasi ilivuka katikati au la, aliiona paki ikiondoka au la, miguu ilikuwa imetulia au inateleza, alikuwa ndani ya goli au amesogea mbele. Mwisho wa mstari aandike herufi moja kati ya tatu: Y kwa langu, T kwa letu, M kwa sifa za mpigaji. Herufi ya "lao" haipo kwenye karatasi hiyo. Bao la beki kushindwa mkataba ni T, kwa sababu mkataba una pande mbili. Achore na mashuti mawili aliyozuia kwa shida, kwa vipimo vilevile, ajue alifanya nini sawasawa. Baada ya mechi sita au saba karatasi itasema jambo ambalo hasira haikuona: labda nusu ya mabao ni ya kuzibwa macho, na hapo anakwenda kwa kocha na mabeki akiwa na ombi la dakika 10 za mazoezi, badala ya malalamiko.

Wewe kwenye gari usianze. Mwache avue viatu, ale. Akianza mwenyewe kuwataja mabeki, usimkatize wala usimuunge mkono, muulize tu, "Uliiona ikiondoka kwenye fimbo?" Akijibu hapana, muulize alichungulia upande gani. Akijibu ndiyo, muulize chakula cha jioni kilikuwaje.